Nilivyojizushia Kifo Bekarini

Aibu hii nimeikalia karibu mwaka mzima na ningeendelea kuikalia, ila watu wa Chang'ombe wameanza kuisimulia wenyewe, na kila anayeisimulia ananiongezea uongo ambao sikuusema (niliousema unatosha). Basi afadhali mnisikie mimi mwenyewe, mcheke, mkimaliza mnisamehe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka hamsini na miwili, na thelathini kati ya hiyo nimeimalizia ubaoni. Hiyo hamsini na miwili ishikeni, maana kuna mtu nilimwambia nina arobaini na mitatu. Mtu huyo ni Yona, mgane, mpima ardhi, ana miaka hamsini, mtu mtaratibu, na mwanakwaya mwenzangu mmoja ndiye aliyetuunganisha. Tulikuwa tumeongea kwa simu wiki tatu, na siku aliyoniuliza umri, kwa adabu zake zote, mdomo wangu ukapunguza miaka tisa kabla sijaushauri. Nilimpenda, kwa hilo sidanganyi. Nimekaa peke yangu muda mrefu, na simu yake ilikuwa imeshakuwa kitu ninachokingoja.

Tukapanga kuonana ana kwa ana Jumamosi asubuhi. Mahali nikachagua mimi, bekari moja ya Chang'ombe iliyoweka meza sita mbele, kwa sababu mimi naishi upande mwingine wa mji na nilijua huko hakuna anayenijua. (Mwalimu wa miaka thelathini anaamini kuna mtaa usio na mwanafunzi wake. Ndiyo akili yangu hiyo.)

Niwe mkweli, ile bekari ina huduma. Mikate inatoka saa nne, harufu unaisikia tangu barabarani, na huletewi chai kabla hujanawishwa, mhudumu anakuja na birika la maji ya uvuguvugu na beseni, anakumiminia kama uko ukweni. Yona alishafika, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na aliponiona akasimama akanisogezea kiti. Tukaagiza skonzi na chai ya maziwa. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri kuliko nilivyostahili.

Mhudumu, binti wa miaka ishirini hivi, akaja na birika lake, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Mama yangu ndiye anayeoka humu ndani, amekuona pale dirishani. Anasema wewe ni Mwalimu Ndahani, ulimfundisha darasa la tano Kongwa."

Sasa hebu pigeni hesabu. Binti ana ishirini, basi mama yake anakaribia arobaini, na mimi nina arobaini na mitatu, maana yake nilimfundisha darasa la tano mimi mwenyewe nikiwa bado navaa sare. Na aliyekaa mbele yangu ni mtu ambaye kazi yake ni kupima. Nikamwona anaweka kijiko chini.

Shikamoo huitikiwa marahaba, hata mtoto wa chekechea anajua. Mimi nikasema, "Poa, mdogo wangu. Umenifananisha. Huyo ni dada yangu mkubwa, naye alikuwa mwalimu." (Sina dada. Kwetu mimi ndiye wa kwanza, nyuma yangu wanaume wanne.)

Binti akaenda. Nikamweleza Yona kwamba mimi na dada tunafanana sana, watu walikuwa wakituchanganya tangu utotoni, nikaanza kumpamba huyo dada, nikampa na ukali kidogo ili aaminike. Kabla skonzi hazijafika binti akarudi. "Mama amefurahi kukuona hata wewe. Anaomba namba ya simu ya dada yako, amemtafuta miaka mingi."

Hapo ningeweza kusema simu yake imeibiwa. Ningeweza kusema yuko kijijini Busi, anapalilia mahindi, mtandao haushiki. Ya kusema yalikuwepo kumi, na mimi nikainamisha uso nikasema, "Dada alifariki."

Nilidhani nimemaliza. Ndugu zangu, kwetu ukitaja msiba ndiyo umewaita watu. Binti akanipa pole, akaingia ndani, na haikupita dakika jikoni kukasikika kilio, kilio cha kweli, mama mwenyewe akatoka na unga mpaka kwenye viwiko, akanikumbatia pale pale kwenye kiti, koti langu jeusi likawa jeupe. Wa meza nyingine wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakaja mmoja mmoja kunipa mkono. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa anakula hafukeki zake kwa amani, akaombwa atuongoze kwa sala. Tukasimama wote. Na mimi nikasimama, kichwa chini, nikaombewa pumziko la milele. Yona alinishika mkono nisije nikaanguka.

Baada ya amina mama yule akasimulia. Alisema alifika darasa la tano hajui kusoma, Kiswahili chenyewe kilimpa shida kwa sababu nyumbani ni Kigogo tu, walimu wengine walishamkalisha nyuma, lakini Mwalimu Ndahani alibaki naye kila mchana, wakisoma maandishi ya kwenye pakiti za chumvi na unga mpaka yakakubali. "Kila asubuhi nikishika pakiti ya hamira namkumbuka," akasema. "Nilitaka siku moja aje hapa, anione." Na mimi niko pale nimekaa, namwona.

Akaagiza nifungiwe mikate ya kupeleka kwa wafiwa. Akauliza kaburi liko wapi, na kabla sijajibu akasema Jumamosi ijayo atazima tanuri aende Kongwa na wenzake, na hapo hapo akampigia mmoja aliyesoma naye ampe habari. Akashindwa kuongea. Akifungua mdomo kinatoka kilio tu, na upande wa pili mtu anauliza, "Nani? Nani amekufa?"

Nilivumilia, nikavumilia, ikanishinda. Sauti ikanitoka yenyewe, ile ya kunyamazisha watoto themanini.

"Sechelela. Keti. Futa uso, vuta pumzi, sema polepole."

Akaketi. Binti yake akaketi. Mzee wa kanisa naye akaketi. Kisha wote wakaniangalia, kwa sababu jina la Sechelela hakuna aliyekuwa amelitaja pale, tangu niingie alikuwa anaitwa mama tu.

"Kumbe ni wewe," akasema. Hakupandisha hata sauti. Akakata simu, akaingia jikoni.

Yona akaniuliza kwa jina langu la kwanza, "Mwaja, una miaka mingapi?" Nikamwambia. Akasema, "Hamsini na miwili isingenisumbua. Lakini nenda jikoni kwanza. Mimi nakujua wiki tatu tu."

Nilimkuta Sechelela anakanda unga, amenipa mgongo. Nikamwomba radhi, na tangu nianze kazi sikuwahi kumwomba radhi mwanafunzi, kwa hiyo maneno yalitoka vipande vipande, umri, Yona, dada. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kugeuka. "Mwalimu," akasema, "kama ulikuwa unaona aibu kujuana na mimi ungesema tu." Nikaapa kwamba aibu ilikuwa ya miaka yangu, haikumhusu yeye. Lakini alichokiona kwa macho yake ni kwamba niliona bora nife kuliko kuwa mwalimu wake, na sikuwa na namna ya kumwonyesha vingine. Nikalia. Yeye alikuwa ameshamaliza kulia.

Yona bado yupo, msinihurumie kwa hilo. Akinitambulisha kwa watu anaanza na umri ndipo anasema jina. Nimeapa kwamba atakayenipa shikamoo nitaitikia, hata awe na mvi nyingi kuliko mimi, na anayeuliza miaka yangu nitampa na miezi.

Bekarini naenda kila Jumamosi. Sechelela ananihudumia vizuri, skonzi za moto, chai haijapoa, lakini tangu siku ile hajaniita Mwalimu, ananiita mama, kama anavyowaita wateja wote. Wiki iliyopita nikajaribu kumtania, nikamwambia nikifa kweli aje kunizika. Alikuwa anafuta meza, akaendelea kufuta.

"Nitakuja, mama," akasema. "Ila sitalia mpaka nilione kaburi."