Ndevu za Msiba na Maski ya Kulalia

Leo ni tarehe 21 Septemba 2008. Nimemaliza mwaka mmoja na miezi minane tangu nitoke kwetu Bungoma kuja kutafuta kazi Nakuru. Mhariri, nakuomba ufiche jina langu, maana kaka yangu husoma ukurasa huu.

Nina miaka arobaini na mitatu. Mke wangu na watoto wanne wako nyumbani. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo mnivumilie. Kazi yangu ni kusaga unga kwa mzee mmoja Kalasinga, wale Wahindi wa kilemba wasionyoa, hapa mjini, na nalala mtaa wa Free Area.

Shida yangu ni usingizi. Nakoroma mpaka wenzangu wawili tuliokuwa tukikaa chumba kimoja wakahama. Walisema kukoroma si kitu, kinachowatisha ni pale ninaponyamaza kabisa kama maiti, halafu nashtuka nikitafuta hewa. Mchana nasinzia hata nikiwa nimesimama. Mwezi wa sita nilisinzia mbele ya mashine, mkono ukaanza kwenda kwenye mkanda, na mwenzangu akanivuta kwa shati. Nilijua siku hiyo nimefutwa.

Mzee hakunifuta. Aliniuliza ninavyolala, nikamweleza, akacheka kidogo. "Huo ni ugonjwa wangu," akasema. "Mimi nalala na mashine mwaka wa tatu sasa." Alinipeleka kwa daktari wake, nikapimwa, ikawa kweli pumzi yangu hukatika usingizini. Mzee akanipa mashine yake ya zamani, ile inayosukuma upepo kwa mpira hadi puani, na daktari akaipima inifae. Lakini mzee alisema nisikaribie mkanda mpaka nianze kulala vizuri. Sasa nafagia. Mwaka ukiisha nikiwa bado hivi, itabidi atafute msagaji mwingine.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua maski, kile kifuniko cha uso kinachoshikana na huo mpira. Mtoto wa mzee aliye ng'ambo alikuwa amemtumia za aina tatu, na mbili hakuwahi kuzitumia. Saa ya chakula nililala juu ya magunia nikazijaribu, wenzangu wamesimama wakinitazama. Mmoja akauliza, "Rubani, ndege inapaa saa ngapi?" Ile ndogo ya vipira viwili vya kuingia puani ilinikataa, kwa sababu pua yangu imezibwa na vumbi la mahindi na mimi hupumua kwa mdomo. Ya kufunika pua peke yake ni vivyo hivyo. Ile kubwa ya pua na mdomo ndiyo ilinifaa. Haikunibana, sikuhisi kama nazama. Ila upepo ulitoroka pembeni ukilia kama kuku, kwa sababu ya ndevu.

Mzee akaniambia kwa upole, "Mimi siwezi kunyoa, ndiyo maana nilichukua ile ndogo. Wewe ndevu zako ni za nini?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilimjibu, "Ni za dini, mzee. Kanisa letu halinyoi."

Aligusa kilemba chake. Halafu akawageukia wale waliokuwa wakicheka, akawaambia ndevu za mtu huyu zisichezewe tena. Hakuna aliyenicheka tangu siku hiyo. Amemwandikia mtoto wake atafute maski inayomfaa mtu wa ndevu.

Wasomaji, sina kanisa kama hilo. Kwetu baba akizikwa, siku ya tatu watoto wote huketi pamoja wakanyolewa. Baba yangu alifariki Januari hii, wakati wa zile fujo za baada ya uchaguzi. Niliwaambia nyumbani barabara zimefungwa, wakaniamini. Kaka alisema, "Usijinyoe huko peke yako. Tumekuwekea wembe." Ndiyo maana kichwa changu na kidevu havijaguswa na wembe mpaka leo.

Lakini barabara haikuwa imefungwa kabisa. Magari yalikuwa yakitoka Nakuru kwa msafara, polisi mbele na nyuma. Nilifika stendi alfajiri, nauli mkononi, nikaketi juu ya begi langu kungoja. Usingizi ukanichukua. Nilipoamka jua lilikuwa kichwani na stendi ilikuwa tupu. Mama mmoja wa chai akaniambia, "Tulikutingisha mara mbili, baba. Tulidhani umelewa." Msafara mwingine ulitoka baada ya siku mbili. Baba alikuwa ameshazikwa, na mimi sikuupanda.

Wakati ule sikujua ni ugonjwa. Nilijiona tu mtu aliyelala baba yake akienda kuzikwa. Hata sasa ninapojua, siwezi kulitamka mbele ya kaka, kwa sababu jirani yetu mmoja alisafiri na msafara ule ule na akawahi mazishi. Naogopa wataniuliza nilikuwa wapi, ndiyo maana sijarudi nyumbani tangu hapo.

Kila nikimwona mzee anapanga kilemba chake asubuhi nainamisha macho. Yeye nywele zake anazitunza kwa imani. Zangu nimezifanya pazia. Nikinyoa hapa maski itashika na nitarudi kwenye mashine, lakini nitakuwa nimejinyoa peke yangu kama mtu asiye na ndugu, na mzee atajua nilimdanganya. Nisiponyoa, kazi itanipotea, na siku moja pumzi itakatika isirudi.

Ninyi mlio na akili zaidi yangu, niambieni nianze na nani. Nimwendee mzee kwanza kabla hiyo maski haijafika, au nitangulie kwa kaka? Na nikifika kwake nisemeje?

Kinu hufungwa kidogo mwanzoni mwa Desemba. Jana nilimpigia kaka, nikamwambia Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo nitakuwa nyumbani. Aliniuliza kama ndevu bado ziko. Nikamwambia ziko, aunoe wembe. Mengine sikuweza kuyasema kwa simu. Nitayasema nimeketi chini, kichwa kikiwa mikononi mwake, kama Mungu atanisaidia nisilale njiani.