Mke wangu akienda kuchaji simu kwa jirani, roho yangu haitulii

Wakuu, heshima kwenu. Ninayoandika hapa sijatia chumvi. Wa kucheka acheke, mimi yalinikaa kooni.

Naishi kitongoji kimoja nje ya Mpwapwa mjini. Nguzo za umeme zimepita barabara kuu, sisi wa huku nyuma tumeambiwa tusubiri. Tunasubiri.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, mgane. Alipopata kiinua mgongo akafunga sola ya maana: paneli zimejaa bati zima, betri kubwa, TV, friji. Na shati lake limenyooka muda wote.

Mke wangu, Mama Yohana, akaanza kwenda kuchaji simu pale. Sawa.

Ila simu yenyewe kitochi. Kitochi gani kinachaji mchana kutwa? Na akirudi anacheka peke yake.

Siku moja nikamuuliza, "Leo Mwalimu kasemaje?"

"Kasema nikusalimie."

Wakuu, hapo nilichemka.

Nikauza beberu, nikanunua paneli na betri mnadani. Muuzaji akaapa ni original. Taa mbili zikawaka, nikatembea kifua mbele. Mvua zilipoanza, betri ikafa. Muuzaji sijamwona tena.

Mama Yohana akachukua chaja akaondoka.

Hapa niseme kidogo. Mtumishi anapeleka payslip, anakopeshwa sola, analipa taratibu. Mimi nina mbuzi na alizeti. Mbuzi hawana payslip. Basi hata mwanga ni wa wenye ajira?

Turudi kwenye mada. Jioni moja uvumilivu ukanishinda, nikamfuata.

Nikakuta sebule imejaa akina mama wa kitongoji wanaangalia tamthilia. Yohana wangu yuko mezani anafanya homework. Mdogo wake, Debora, kalala mkekani. Mwalimu mwenyewe yuko kwenye kiti anakoroma.

"Shikamoo Mwalimu."

Akashtuka. "Marahaba. Umeleta simu?"

Nilikuwa nayo mfukoni, imezima. Nikampa.

Wivu wa mke ukaishia pale. Ukaja mwingine mbaya zaidi.

Wiki iliyofuata bodaboda alimrudisha Debora kutoka kwa bibi yake. Nimesimama mlangoni kwangu namsubiri. Bodaboda akanipita, akasimama kwa Mwalimu. Nikaenda kumuuliza vipi tena.

"Nimemuuliza mtoto kwao wapi, kaonyesha hapa penye sola."

Mwalimu hana kosa, hajawahi kutudai hata shukrani. Ndiyo maana inauma.

Nilichojifunza: sola kwa mtu wa kipato changu sio suala la kujitutumua. Nilijitutumua, nikaliwa beberu. Serikali iweke mikopo nafuu ambayo mkulima atalipa akivuna. Wakague hizo paneli na betri kabla hazijafika mnadani. Kodi ya betri nzuri iangaliwe, na kila kata iwe na fundi anayejulikana, kikiharibika kitu tujue pa kwenda. Nguzo zikifika baadaye, zitatukuta tunaishi.

Mtaniambia nina roho ya korosho. Nimekubali. Kila jioni nikiona paa la yule mzee roho inaniuma, na sitaki iache kuniuma.

Wenye mawazo tofauti shusheni, wenye kejeli pia pitieni. Ila ukishacheka, niambie wewe ungemjibu nini yule bodaboda. Mimi nilimlipa tu, nikamwacha mtoto pale, kwa sababu kwangu kulikuwa kumeshaanza kuingia giza.