Masharti ya Viatu

Dorcus Nambozo hakuwa mtu wa kubagua. Aliwadharau walevi wote, wa kike kwa wa kiume, wanaolipa kwa wanaolipiwa, na hakuona sababu ya kumpunguzia mtu dharau eti kwa kuwa amelewa kwa glasi yenye kishina kirefu na kipande cha nanasi. Kwao Mbale alikulia kati ya watu wanaokunywa kwa mirija, wamezunguka chungu kimoja, nao walianguka kwa namna ileile. Tofauti ni kwamba wa Mbale waliangukia majani, na hakuna aliyewaita wageni waheshimiwa.

Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda ndani ya choo cha wanawake cha klabu moja ya usiku, katika hoteli moja ya Al Barsha. Aligawa tishu, akafuta masinki, akashika mikoba, akawashika wenye mikoba. Kampuni ya usafi iliyomleta Dubai ilimpa cheo cha mhudumu wa faraja, na Dorcus alikipenda kwa sababu hakikuwa na maana yoyote. Alikuwa mlokole. Pombe hakuwahi kuionja, na alimshukuru Mungu kwa kumweka mahali ambapo kila usiku aliletewa ushahidi.

Saa hakuihitaji, usiku aliusoma kwa wanaoingia. Mwanzo waliingia wima, wakasema asante, wakajitazama kwenye kioo kama watu wanaokagua mali. Baadaye ukaja undugu: wanawake wawili ambao hawakujuana kabla ya kukutana kwenye sinki wakakumbatiana, wakaapa kutoachana maisha, wakaachana mlangoni. Kisha kilio, ambacho siku zote kilimhusu mwanamume asiyestahili hata tishu. Mwisho ilikuwa sakafu. Na kati ya kilio na sakafu ndipo walipovua viatu vya mchuchumio na kumwachia yeye, mpaka chini ya kigoda chake pakafanana na mlangoni pa nyumba yenye matanga.

Viatu hivyo vilikuwa na sheria yake. Mwaka uliopita mgeni mmoja alikatiza ukumbi wa mapokezi pekupeku, viatu mkononi, akiimba, wakati familia moja ya watu wazito ikiandikishwa vyumba. Mtu akapiga picha. Picha ikazunguka hadi ikamfikia mwenye hoteli, na mwenye hoteli akampigia simu Sir Hashir, meneja wa zamu ya usiku, bwana mwenye tai nyembamba na imani nene juu ya marumaru. Kesho yake wafanyakazi wakakusanywa wakaambiwa: hapiti mtu kwenye marumaru bila viatu, na ndala si viatu.

Dorcus akanyoosha mkono. "Sir, na yule asiyeweza hata kusimama?"

"Kama ana mtu wa kumchukua, achukuliwe. Mambo ya wageni ni ya wageni. Ila avae viatu."

Dorcus akashusha mkono. Alikwisha kupewa onyo moja kwa kumwaga sinkini kinywaji cha mteja aliyekuwa hajui tena jina lake mwenyewe. Onyo la pili, kampuni ilimwambia, lingekuja na tiketi ya ndege. Nyumba yake ya Mbale ilikuwa imefika kwenye linta, na mabati hayauzwi kwa msimamo.

Jumanne wanawake walikunywa bure, ukarimu uliobuniwa na wanaume waliojua hesabu. Jumanne moja akaja Peninah, msichana wa Nakuru anayeuza manukato kwenye jengo kubwa la maduka lililo jirani. Alikuja na wenzake wa dukani, lakini wao wakaondoka mapema na basi la kampuni, kwa kuwa walikuwa na zamu ya asubuhi, na akili. Peninah akabaki, akaingia chooni akichechemea, akavua viatu vya rangi ya dhahabu alivyoazima kwa msimamizi wake.

"Nishikie, mathe. Hizi zitaniua."

"Huko ndani kuna vipande vya glasi, binti."

"Mguu yangu ni ngumu, mathe. Nimetembea shule na hii mguu."

"Shule gani hiyo iliyokufundisha kunywa kitu cha buluu?"

Peninah akacheka hadi akashika ukuta, akarudi kucheza. Aliporudi tena alikuwa ameshikwa na dada wawili wa kiapo, ambao walimweka chini ya kikaushia mikono kama mwavuli uliokwisha kazi, wakaenda kuendelea na undugu wao. Dorcus akamnawisha uso.

"Uko na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

"Wazuri." Kisha msichana akateleza ukutani, akalala sakafuni.

Hapo ndipo mlango ulipobishwa. Dorcus alichungulia kwenye upenyo na kuliona koti la kijivu, na koti hilo alilijua. Jumanne nyingi alikuwa ameliona likisubiri kwenye korido, kila mara likimsubiri mwanamke aliyefika sakafuni, na kila mara mwanamke mwingine. Aliwahi kumweleza Sir Hashir habari za koti hilo. Sir Hashir alimjibu kwamba mwenye koti hulipa bili zake vizuri.

Hakuwa na mpango. Alichokuwa nacho ni sheria moja, ya pekee katika hoteli nzima, iliyokuwa ikitekelezwa. Akachukua viatu vya dhahabu chini ya kigoda, akavizamisha kwenye kikapu cha taulo chafu, akafungua mlango.

"Madam, habari ya kazi," yule bwana akasema kwa Kiswahili cha Nairobi kilichopigwa pasi. "Nimekuja kuchukua binamu yangu. Peninah. Amechoka kidogo."

Jina alilijua, na halikumgharimu chochote: lilikuwa limechongwa kwenye mkufu shingoni mwa msichana, kama anwani kwenye kifurushi.

"Hawezi kutoka, sir."

"Kwa nini?"

"Hana viatu."

Bwana akacheka, kwa vile alidhani ni utani. Kisha akamwita baunsa. Baunsa alikuwa Sufyan, kijana wa Malindi mwenye mabega mapana na roho ya kwenda kulala.

"Mama Dorcus, kulikoni? Mpe mtu mgonjwa wake tufunge. Miguu yaniuma."

"Sufyan, baba, mgonjwa hana viatu."

"Si viko hapo chini ya..." Sufyan akainama. Chini ya kigoda palikuwa patupu. Akamtazama Dorcus. Dorcus hakuweza kusema neno, maana yule bwana alikisikia Kiswahili vizuri kuwashinda wote wawili. Akamtazama yule bwana, akamtazama msichana sakafuni, akarudi kumtazama Sufyan, taratibu, kama mwalimu anayemwelekezea kidole mtoto mzito wa kusoma. Ilichukua muda, lakini neno likasomeka.

"Ala," Sufyan akasema, akajinyoosha. "Kweli hana. Basi bwana mkubwa, masharti ni masharti."

"Masharti gani? Nitambeba."

"Kubebwa si kuvaa. Miguu itaonekana. Tena ikiwa juu ndiyo itaonekana zaidi."

"Wewe boi wa mlango, unajua unaongea na nani?"

"Sijui, ndugu yangu. Na hilo koti nalo halijaniambia."

Ndipo akaitwa Sir Hashir. Alikuja akirekebisha tai, akasikiliza habari za binamu, akaitikia kwa kichwa. Akamtazama msichana aliyelala mdomo wazi, pumzi zikikwama na kuachia. Uso wake haukubadilika. Akaitazama miguu. Uso ukabadilika.

"Viatu vyake viko wapi?"

"Sijui, sir," Dorcus akasema. Ulikuwa uongo wake wa kwanza tangu atue Dubai, akauweka kando hadi Jumapili.

Yule bwana akapendekeza zile ndala nyeupe za vyumbani. Sir Hashir akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Ndala zilikuwa ndala. Akapendekeza mlango wa jikoni. Mgeni apite jikoni? Wakaguzi wa afya wangesemaje? Akaahidi kununua viatu vipya, lakini maduka yalikwisha kufungwa. Watu wazima wanne walisimama juu ya msichana asiyejitambua wakijadili nyayo zake, na katika mjadala wote hakuna aliyeuliza ubinamu huo ulianzia kwa shangazi gani.

"Basi kaeni naye!" yule bwana akasema mwishowe, akaondoka bila kugeuka. Binamu hakumuaga.

"Mpelekeni chumba cha wafanyakazi mpaka aweze kuvaa," Sir Hashir akaamuru. "Sakafu hii inatakiwa kusafishwa."

Dorcus akamlaza kwa ubavu, asije akasongwa na matapishi yake, akaweka ndoo, akakaa. Alimdharau usiku kucha, huku akimfuta mdomo.

Asubuhi Peninah alifumbua macho, akaangalia dari, akaangalia ndoo, akamwangalia Dorcus. "Viatu zangu ziko wapi?"

Dorcus akavikumbuka sasa. Kikapu cha taulo kilikuwa kimeshachukuliwa alfajiri na dobi.

"Za wenyewe hizo! Mathe, umeniibia? Nyinyi watu wa vyoo mko hivi kumbe!"

"Kuna bwana wa koti la kijivu alitaka kukuchukua jana."

"Bwana gani? Mimi sijui bwana yeyote."

"Ndiyo maana," Dorcus akasema, akamvalisha ndala zake mwenyewe, zile za kuvaa kwenye basi la wafanyakazi. Akamtoa kwa mlango wa nyuma, akamtia kwenye teksi ya wanawake, ile yenye paa la waridi. Peninah hakumshukuru. Dorcus akarudi bwenini kwa miguu mitupu ndani ya viatu vya kazini, maana soksi nazo zilikuwa zimetapikiwa.

Mchana viatu vya dhahabu vikarudi kutoka kwa dobi vikiwa na rangi ya ugali, na jioni malalamiko ya Peninah yakamfikia Sir Hashir. Dorcus alisimama mbele ya meza akingoja tiketi ya ndege. Akaiona nyumba yake imeishia kwenye linta, mbuzi wa jirani wakilala sebuleni. Sir Hashir alivigeuza viatu mara kadhaa. Kumwadhibu mhudumu kungemlazimu kuuliza viatu viliingiaje kwenye taulo, na kuuliza hilo kungeleta habari za binamu. Akaamua kosa ni la dobi, ambaye alikuwa wa kampuni nyingine na hakuwapo kujitetea. Haki ikatendeka.

Ndala hazikurudi.

Jumanne iliyofuata, Sufyan aliingiza kichwa kwenye mlango wa choo, meno yote nje.

"Mama Mlokole! Koti la kijivu limekuja tena."

Dorcus akasimama.

"Tulia. Nimempekua mlangoni. Unajua nimekuta nini mfukoni?" Akainua viatu vyepesi vya kike, vile vya soli laini vinavyokunjika kama chapati. "Nikamuuliza, za nani hizi? Ati za mke wangu. Mkeo yu wapi? Ati atakuja. Nikamwambia, bwana, ndala haziingii hapa. Ati hizi si ndala. Nikamwita Sir Hashir."

"Akasemaje?"

"Akazishika kwa vidole viwili, akakunja, akakunjua. Akasema kitu kinachokunjika si kiatu. Khalas! Nikazizuia, nikamtoa. Si wewe umeibiwa ndala? Haya, vaa. Tumemshinda, mama!"

"Kaenda wapi?"

"Hoteli ya ng'ambo. Pale penye taa za kijani."

"Basi hatukumshinda. Tumemhamisha."

Akavichukua vile viatu, akavitia kwenye pipa la tishu zilizotumika, akanawa mikono. Sufyan akarudi mlangoni, furaha imempungua. Dorcus akatoa simu aliyoificha nyuma ya maboksi ya tishu, akampigia Eseza, mwenzake wa kanisani, ambaye alikaa kwenye kigoda cha choo cha hoteli ya ng'ambo.

"Eseza, dada, huko kwenu mna masharti ya viatu?"

"Viatu? Hata. Huku bora mtu alipe."

Dorcus akamweleza habari za koti la kijivu, toka mkufu hadi mfukoni.

"Yesu wangu," Eseza akasema. "Lakini nikimwambia sir wangu, atasema mambo ya wageni ni ya wageni."

"Habari za bwana usimwambie kabisa, utajichosha bure. Mwambie umemwona mwanamke pekupeku kwenye marumaru ya mapokezi, na mtu anampiga picha. Mwambie sasa hivi. Halafu yule mtu akija kuchukua binamu, wewe vifiche viatu."

Upande wa pili kulikuwa na muziki, na mtu akilia juu ya mwanamume asiyestahili tishu.

"Dada Dorcus, lakini huo si uongo?"

"Ni uongo. Mimi ninao wangu wa wiki jana, sijaupeleka. Tutakwenda nao pamoja Jumapili."

Mlango ukafunguka. Aliingia mwanamke akishika ukuta, wanja umemfika mashavuni, viatu mkononi.

"Mama, nishikie."

Dorcus akamtazama kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, hakuona hata kitu kimoja cha kusifu, akanyoosha mkono kupokea viatu.