Fundi anayeitafutia sauti kompyuta ya kaka yake

Asubuhi moja wiki iliyopita, saa mbili, katika chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari, fundi anabonyeza kitufe na kutega sikio kwenye spika. Kimya. Nyuma yake kaka yake amekaa wima, mikono magotini.

"Imesema?"

"Bado, kaka."

Kaka huyo ni mwalimu asiyeona. Kwa miaka mingi alisahihisha insha kwa kusomewa na kompyuta. Ilipoungua, shule ikapewa nyingine kuukuu, ambayo siku hizi hakuna anayeitengenezea programu. Programu ya kusoma ikabidi ijengwe humohumo, kutoka kwenye msimbo wake, yaani maandishi ya maagizo yanayoiunda.

"Kujenga programu ni kama kuagiza nguo kwa fundi cherehani," anaeleza fundi, ambaye ni dada yake. "Usiposema unataka mfuko, unashonewa bila mfuko. Wala huulizwi."

Aliyeijenga mara ya kwanza, kwenye kompyuta iliyoungua, alikuwa fundi mwenzake, na alifariki bila kumwambia mtu machaguo aliyotumia kuagiza nini kiwemo. Dada akaiamuru kompyuta imwonyeshe machaguo yote, akayapitia moja baada ya jingine. Kila mara programu ilijengeka vizuri tu, halafu ikatulia kama maji mtungini.

Juzi akalipata chaguo la sauti, limejibanza karibu na mwisho. Akalilazimisha: programu isijengwe bila sauti.

"Nilipiga kigelegele. Kaka akaja mbio, akajigonga mlangoni, anacheka."

Kicheko hakikudumu. Ujenzi ulikatika katikati: kipande kinachobeba sauti hakimo kabisa kwenye mashine hiyo. Siku zote programu ilikuwa inakiruka kimyakimya.

"Nikajifanya naendelea kubonyeza. Akanishika bega, akaniambia, 'Mdogo wangu, usinifiche. Nakusikia unavyopumua.'"

Jana mkuu wa shule alimkabidhi mwalimu mwingine darasa la kaka.

"Sijafukuzwa," anasema mwalimu. "Nimewekwa kando kama kiti kibovu. Wanafunzi wakipita wananong'ona, utadhani na masikio yangu nayo yamepofuka."

Dada sasa anapanga kukijenga kipande chenyewe cha sauti, nacho kutoka kwenye msimbo wake. Nacho kina machaguo yake, mengi kuliko yale ya kwanza.

"Kitakubali? Sijui, na nimechoka," anasema, akishusha sauti. "Ila kila asubuhi kaka anavaa shati la kazini, ananiuliza tunatoka saa ngapi. Nimwambieje?"