Fundi wa Tunduma uliyenibadilishia mfumo wa laptop, sauti ya mke wangu iko wapi?

Aliniita jina langu.

"Wiston," alisema, kwa sauti yake ileile, na mimi nikaangusha kikombe cha chai.

Ilikuwa Jumapili mchana, jua kali, nimetoka kanisani, redio ya jirani inaimba. Mke wangu tulimzika mwaka juzi. Na hapo mezani laptop iko wazi, yeye anazungumza humo ndani.

Sauti ni yake kabisa. Lakini mke wangu hakuwahi kunitaja jina.

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Mimi ni mtu wa darasa la saba, mwandiko mnivumilie. Haya yamenipata mimi mwenyewe na chumvi sijaongeza. Na majina nitayataja.

Nirudi nyuma kidogo.

Nina kibanda hapa Tunduma, barabara ya kwenda mpakani. Naingiza nyimbo kwenye flash, napiga passport size, naprinti. Kazi hii niliianza baada ya ajali. Lori lilikosa breki likatuvaa tukiwa kwenye foleni. Mimi nilitoka na chuma mguuni, mke wangu akalala wodini wiki kadhaa, kisha akatangulia.

Akiwa wodini aliniomba nimrekodi kwenye simu. Yalikuwa maneno ya kumwambia binti yetu Rehema, ya kupigwa siku ya send-off yake, na Rehema asiyasikie kabla ya siku hiyo.

Alianza kwa Kiswahili, akamshauri mambo ya ndoa, akambariki. Halafu akageukia Kinamwanga, lugha ya kwao, na kuongea kwa muda mrefu. Mimi ni Mnyiha wa Mbozi, Kinamwanga nadaka neno hapa neno pale. Rehema ndiye anayekijua, amelelewa na bibi yake huko Momba.

Nikamuuliza mke wangu, mwishoni umesema nini?

"Hayo siyo yako, Baba Rehema," akasema, na kutabasamu kwa shida.

Simu ilipoanza kuchoka nikahamishia kwenye laptop, na simu yenyewe baadaye ikafa. Nikaona iko mahali salama.

Sasa laptop yenyewe. Ya zamani, RAM 2GB, Windows imeizidi nguvu. Unaiwasha, unaenda kuhudumia wateja, unarudi bado inazungusha kile kiduara. Humu humu jukwaani nikasoma habari za mifumo myepesi, zile Linux za kufufua mashine chakavu. Mteja mmoja akanitengenezea flash, nikaboot kutoka kwenye flash bila kuinstall chochote.

Wakuu, ilikimbia.

Nikaanza kujaribu na web app, zile za kufungua kwenye browser tu. Moja inatoa background ya picha, nyingine inapunguza ukubwa wa PDF, nyingine inakata nyimbo. Wateja wa ng'ambo, Wazambia, wakawa wananiita "ba tata wa kompyuta", yaani baba wa kompyuta, na kichwa kikavimba kidogo.

Nikataka ule mfumo niuweke jumla. Mambo ya partition siyajui, kwa hiyo nikapeleka kwa Yoramu, fundi wa duka la Eliza.

Nilimwambia waziwazi kuna rekodi ya marehemu, usiiguse. Nikamweleza ni ya nini na ndani yake kuna ushauri gani, ili aone uzito wake. Ile sehemu ya Kinamwanga sikuitaja. Yoramu tunasali naye. Mke wangu alikuwa katibu wa akina mama, voice note zake za matangazo bado zimo kwenye group la usharika. Nikamhesabu kuwa mtoto wa nyumbani.

Laptop ilirudi inawaka kabla hujakaa vizuri. Mfumo wenyewe sina ugomvi nao, msije mkautukana hapa. Kwenye desktop kulikuwa na faili moja la sauti. Jumapili ile nikaona nihakikishe, maana send-off imekaribia.

Nikabonyeza.

Baada ya lile jina niliendelea kusikiliza. Ushauri upo. Baraka zipo. Ila nyuma yake kimya. Rekodi ya wodini ilikuwa na toroli linapita, mama wa kitanda cha pili anakohoa, na mimi namwambia pumzika kwanza. Hapa hakuna mtu. Yeye peke yake, mahali pasipo na ukuta wala dirisha.

Na hakuvuta pumzi.

Mke wangu mbavu zilivunjika. Kila baada ya maneno machache alikuwa anatafuta hewa. Huyu aliongea mwanzo mpaka mwisho bila kuvuta pumzi, kisha akakatika. Kinamwanga hakipo.

Nilifunga laptop nikaenda kukaa nje juani. Niliona aibu, kumwogopa mke wangu mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nikamfuata Yoramu. Akasema rekodi ni ileile, labda masikio yangu. Nikamwambia kwao mke wangu mwanamke hamtaji mumewe. Kabla Rehema hajazaliwa aliniita "mwenzangu", alipozaliwa nikawa Baba Rehema. Hata nesi alipomuuliza jina la mume, alininyooshea kidole nijitaje.

Yoramu akakuna kichwa. "Sasa Mzee Wiston, hilo mimi ningelijuaje?"

Basi, alishakiri.

Akanionyesha. Kuna web app unaipa kipande cha sauti ya mtu, unaandika maneno, yenyewe inayasema. Alichukua zile voice note za matangazo. Anadai alijua nitaumia, akaona anitendee wema. Na hapo hapo, wateja wamesimama, akaandika kitu akabonyeza, spika ya duka ikasema:

"Baba Rehema, msamehe Yoramu. Ni mtoto tu."

Safari hii aliniita vizuri.

Wakuu, mimi nilitolewa garini kwa kukata vyuma nikiwa macho. Sikuogopa kama pale dukani.

Nikauliza, rekodi yenyewe iko wapi? Yoramu akasema aliifuta kwa bahati mbaya, wakati wa kuinstall alichagua erase disk, kufuta diski nzima. Eliza akadakia kutoka ndani kwamba hard disk wanazozitoa kwenye mashine za wateja huwa wanaziuza, kuna mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anazichukua. Nikasema, nani aliwaambia mtoe? Yoramu akamtazama bosi wake. Bosi akaanza kupanga chaja.

Laptop nikaipeleka kwa fundi mwingine akaifungua. Ndani kuna diski ndogo ambayo siyo yangu. Kwa hiyo yangu haikufutwa, ilitolewa.

Rehema yuko Hasamba kwa shangazi yake wakiandaa shughuli. Nikampigia, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo mama alinisemesha," akasema, "wewe ukasikia usielewe, na mimi ninayeelewa nisisikie?"

Ndugu wengine wananishauri nipige tu ile ya web app, wageni hawatajua, na sauti si ni yake. Rehema amekataa. Anasema hataki kubarikiwa na Yoramu.

Nilichojifunza: mfumo mwepesi wekeni, ni mzuri. Ila jaribu kwanza kwa flash, kopi vitu vyako sehemu mbili, na fundi akikufungulia mashine simama hapo hapo. Web app tumieni. Lakini sauti za marehemu wenu zitoeni kwenye magroup, mtu yeyote anaweza kuwasemesha.

Wataalamu, diski ikipita mikono ya watu, vilivyomo vinaweza kurudishwa? Na mlioko Nakonde, kama mmenunua hard disk iliyotumika kutoka Tunduma, angalieni kama kuna folder imeandikwa REHEMA USIFUTE. Semeni hapa chini, nitavuka mpaka siku hiyo hiyo.

Yoramu, unasema umefuta. Eliza, unasema huwa mnauza. Wote hamuwezi kuwa wakweli, na diski nimeshajua haimo. Mmempa nani? Mtajeni jina kabla ya send-off ya mwanangu.

Jibuni. Na mjibu kwa sauti zenu wenyewe.