Mke Mdogo wa Mheshimiwa

Babu alianza kuniita mke mdogo kabla sijaota meno. Mke mkubwa alikuwa bibi. Kwetu babu na mjukuu ni watani, ndiyo desturi, si utovu wa adabu, japo mama anadai mimi ninavyo vyote viwili. Bibi alipofariki, babu akaanza kuniita "mwanangu," kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kuwatunukia wahitimu shahada. Nikajua nimeachika bila talaka, na tangu hapo nimekuwa nikihangaika nirudishwe.

Hapa Bigwa kila mtu anamheshimu, na nadhani heshima ndiyo inayommaliza. Ujanani alipanda milima hii kwa miguu kuwaambia wakulima kwamba nchi ni yao. Baadaye akawa waziri, akagombana na wenzake kwa kudai mageuzi, akaishia kuongoza chuo kikuu. Siku hizi akina mama wanaoteremka na matenga ya kabichi humwamkia wakiwa barabarani, "Shikamoo Mheshimiwa!" wala hawapunguzi mwendo. Huitikia "Marahaba," kisha hubaki mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyekuwa na neno la pili.

Jumamosi moja walikuja wahadhiri wawili, vijana tu. Babu alikuwa ndani ya koti tangu asubuhi, miguuni soksi zilezile za wiki nzima. Nikawamiminia chai ya tangawizi. Walikaa ukingoni mwa viti kama watoto wanaosubiri kuchomwa sindano.

"Wanafunzi bado wanagoma kwa ajili ya maharage?" babu akawauliza.

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi elimu imeshuka."

"Tutalifanyia kazi, Mheshimiwa."

Mimi jikoni nilikuwa nimeng'ata kanga nisipasuke. Mzee wa watu anatania, wenzake wanajibu kama wako mahakamani! Wakapiga naye picha, wakaaga. Vikombe vyao vilibaki nusu.

Babu hakuingia ndani. Alikaa barazani akiuangalia ukungu unavyoshuka Uluguru, koti bado limefungwa vifungo vyote. Pembeni yake kilikuwepo kiti cha bibi. Tangu msiba hakuna aliyekikalia. Hata paka alishafukuzwa hapo. Nikaenda nikakikalia. Mdomo wangu huwa hausubiri ruhusa.

"Mume wangu," nikasema, "wageni wako wamekimbia chai. Walikimbia hotuba au soksi?"

Nikajua leo nimevuka mpaka, na mama akisikia nitalala Mwembesongo kwa shangazi. Kisha fimbo yake ikanigusa mguuni, taratibu.

"Toka hapo, mke mdogo. Hicho cha mwenzio."

Nikarukia kigoda kwa furaha, nusura nimwage chai.

"Soksi," akaongeza baadaye.

Nikacheka, nikacheka mpaka nikagundua nacheka peke yangu. Babu alikuwa amekigeukia kile kiti kitupu, kichwa kimeinama kidogo, akingoja mke mkubwa naye achangie.