Nyuma ya Nyanya na Mbuzi Wake

Mwaka niliomaliza chuo kikuu na kurudi Garissa kungoja kazi, nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa ameanza kuniita kwa jina la shangazi yangu aliyefariki. Mwanzoni tulicheka. Kisha akasahau birika jikoni hadi likaungua, na baba akaacha kucheka.

Ukame ulikuwa umemaliza mifugo yake upande wa Griftu, huko Wajir, tukamleta mjini apumzike. Tulimpumzisha kweli. Mama alimkataza kuchota maji, mimi nikamfulia, hata chai aliletewa mkekani. Mtu aliyehama na ngamia maisha yake yote sasa alitembea kutoka chumbani hadi kivulini tu. Nami, ambaye huwaza jambo moja mpaka likazaa mengine, nilijiuliza ni lini atanitazama asimwone hata huyo shangazi.

Tulimpeleka hospitali. Daktari aliuliza zamani alifanya kazi gani, na siku hizi anafanya nini. Baba akamweleza kuhusu ngamia, kisha kuhusu mkeka. Daktari akasema hana dawa ya kumrudisha alivyokuwa, lakini kutembea kila siku husaidia damu kufika vizuri kwenye ubongo, na huenda kukampunguzia kasi ya kusahau. Baba aliona aibu. Majirani wangesema ameshindwa kumtunza mama yake. Hata hivyo, siku chache baadaye alirudi kutoka soko la mifugo akimvuta mbuzi jike mwenye sikio lililopasuka.

Nyanya alimfungua mdomo, akayatazama meno, akasema baba ameuziwa bibi kizee mwenzake. Asubuhi iliyofuata alishika fimbo. Mimi nikapewa kazi ya kumfuata.

Nilibeba chupa ya maji, mwavuli, na hofu za kila aina: nyoka, jua, malori ya barabara ya Modogashe, mamba endapo angeamua kuteremka mtoni. Yeye alitangulia, akimtafutia mbuzi migunga yenye majani. Wiki za kwanza alipotea njia mara nyingi, nikamwelekeza. Miezi ikapita. Akaanza kulala vizuri na kula kwa hamu. Ikafika siku alipokikataa kichaka fulani, kwa sababu tulikipitia juzi. Mimi nilikuwa nimesahau.

Jioni moja nilibaki nyuma, nikiwazia kazi isiyopatikana. Aligeuka, akaniita. Kwa jina langu.

"Unatembea kama mtu aliyedondosha sindano," akasema. "Hata huyu kizee wangu anakushinda."

"Nakuja, nyanya," nilimjibu, nikaharakisha hatua.

Hakupona kabisa. Siku nyingine shangazi alirudi, hasa nyanya alipochoka. Lakini alitembea kwa miaka kadhaa zaidi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alijua mimi ni nani. Baadaye nilipata kazi Wajir, na huko, mawazo yaliponizidi, nilivaa viatu nikatoka. Namshukuru yeye, na daktari yule. Zaidi namshukuru baba, aliyekubali kusemwa na majirani kila walipomwona mama yake, katika umri ule, akipita na fimbo nyuma ya mbuzi.